PC mpya inaingia Windows diski ya zamani ikiwepo tu, nikiichomoa inaishia BIOS

chumbageni_pc

Salaam wakuu. Nipo Tanga mjini, nimekwama. Mashine ni mpya, imeunganishwa wiki hii: Ryzen 5 5600G, mazabodi ya B450, RAM DDR4 za 8GB mbili, M.2 ya NVMe 500GB, pawa saplai ya wati 550. Kadi ya picha hakuna, natumia HDMI ya kwenye bodi. Pia nimechomeka hard diski ya SATA ya 1TB iliyotoka kwenye kompyuta ya zamani. Ina picha za familia na mafaili ya kazi, sitaki iguswe.

Windows 11 nimeipiga kwenye M.2 kwa flashi, ikamaliza vizuri, inawaka chapuchapu. Tatizo ni hili: nikichomoa ile diski ya 1TB, mashine haiingii Windows, inakwenda moja kwa moja BIOS (programu ya bodi yenye setingi za kuwashia). M.2 inaonekana humo, jina na ukubwa, ila kwenye orodha ya Boot haimo. Nikirudisha diski, inaingia kama kawaida. Nimebadili mpangilio wa Boot, nimetoa betri ya bodi dakika kumi, wapi. Fundi mmoja kasema M.2 ni feki, niirudishe Dar. Kabla sijaipandisha basi: ni M.2 kweli?

pwani_bit

M.2 haina kosa, iache hapo ilipo. Inasomeka BIOS, imepokea Windows nzima na ndiyo inayoipakia kila ukiwasha. Kinachokosekana ndani yake ni mlango wa kuingilia, na mlango huo umejengwa kwenye ile diski ya zamani.

BIOS za siku hizi, yaani UEFI, hazijui Windows ni nini. Zinachotafuta ni patisheni (kipande cha diski) ndogo ya FAT32 iitwayo EFI, kawaida MB 100, ambamo mna faili bootmgfw.efi. Hilo ndilo linalokwenda kuiamsha Windows kwenye C. Sasa programu ya kupigia Windows ikikuta kuna diski nyingine yenye EFI tayari, aghalabu haitengenezi mpya. Inaweka mafaili ya kuanzishia kwenye ile iliyoikuta, hata kama wewe umechagua M.2. Haikuulizi wala haikuambii. Ndiyo maana ukichomoa 1TB unabaki na nyumba isiyo na mlango.

Hakikisha kwanza. Bonyeza Windows + R, andika `msinfo32`, tazama mstari wa BIOS Mode: UEFI au Legacy (njia ya zamani)? Halafu Windows + R tena, `diskmgmt.msc`, uangalie EFI System Partition iko kwenye Disk ipi. Leta majibu hapa kabla hujagusa chochote.

mzee_wa_saplai

Huo mtego ni wa miaka mingi, na dawa yake ni moja: unapopiga Windows, diski inayopokea iwe peke yake kwenye bodi. Zima, zima na swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya wa data wa SATA wa diski nyingine zote, ndipo uanze. Dakika mbili tu za bisibisi.

Mie ningepiga upya, ni kazi safi zaidi. Flashi iwe ya 8GB au zaidi. Kwenye Rufus (programu ya kuandaa flashi) chagua GPT (mpangilio mpya wa patisheni) na UEFI. Kwenye BIOS zima CSM (njia ya zamani ya kuwashia), washa fTPM, yaani TPM ya usalama iliyo ndani ya prosesa (Windows 11 inadai TPM 2.0, na bodi nyingi za B450 hutoka nayo ikiwa imezimwa). Flashi ichague kwenye menyu ya kuwashia: F12 kwa Gigabyte, F11 kwa MSI na ASRock, F8 kwa ASUS. Ikitokea mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele na nyingine haina, chagua yenye UEFI. Isiyo nalo itakupeleka njia ya zamani, halafu ukifika kwenye diski yenye GPT itakugomea.

Na kosa dogo linalowatoa watu jasho: ikijizima na kuwaka mara ya kwanza katikati ya kazi, usibonyeze kitu inapokuambia ubonyeze ili kuanzia flashi. Ukibonyeza unarudi mwanzo kabisa, unadhani imegoma.

chumbageni_pc

Shukrani wakuu. Majibu: BIOS Mode ni UEFI. Disk 0 ndiyo ile ya 1TB, ina EFI ya MB 100 na patisheni kubwa ya mafaili. Disk 1 ndiyo M.2, ina C na kipande cha Recovery mwishoni, EFI haina. Kupiga upya sitaki, programu zote nimeshaweka na bando limekwisha. Hakuna njia ya kujenga huo mlango kwenye M.2 bila kubomoa nyumba?

pwani_bit

Ipo, na haichukui robo saa. Ingekuwa Legacy ningekuambia upige upya tu, maana `mbr2gpt`, amri ya kugeuza diski iwe ya GPT, hugoma pale mafaili ya kuanzishia yanapokuwa diski tofauti na Windows. Kwa UEFI tunatengeneza.

Kabla ya yote, angalia kama C imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo. Windows 11 za karibuni hujifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ukibadili njia ya kuwakia itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika `manage-bde -status C:`. Ukiona Protection On, hakikisha ufunguo huo unao kwenye akaunti yako, kisha isimamishe kwa `manage-bde -protectors -disable C: -rc 0`. Ile sifuri inaizuia isijirudishe yenyewe ukizima na kuwasha. Kazi ikiisha, utairudisha kwa `-enable`.

Diski ya zamani iache imechomekwa kwa sasa, bila hiyo huingii Windows. Kama una UPS, itumie. Umeme ukikatika C inapopunguzwa si jambo la kuombea. Haya, mstari mmoja mmoja:

```
diskpart
list disk
select disk 1
list partition
```

Hapo simama usome. Kwenye `list disk`, M.2 yako lazima iwe na nyota chini ya safu ya Gpt. Kwenye `list partition`, ukubwa ulingane na M.2, si na 1TB. Utaona pia kijipande cha MB 16 kiitwacho Reserved ambacho Disk Management haikionyeshi; hicho ni cha kawaida, kiache. Namba za diski hubadilika ukihamisha waya, kwa hiyo usitegemee namba ya jana. Ukiridhika:

```
select volume C
shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit
```

Nimesema 260 badala ya 100 kwa sababu MB 100 hujaa. BIOS za baadhi ya bodi na masasisho ya Windows huweka vitu humo, na kuipanua baadaye ni kero. Kisha:

```
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI
```

Ikijibu Boot files successfully created, umemaliza sehemu ngumu. Zima, chomoa waya wa data wa diski ya 1TB, washa.

`shrink` ikikataa kwa madai kwamba hakuna nafasi na wewe unaiona ipo, kuna faili lisilohamishika limekaa mwishoni mwa C. Mara nyingi ni la hibernation. Andika `powercfg /h off`, washa upya, jaribu tena.

ngamiani_tech

Nyongeza kwa mkuu hapo juu, maana hapa ndipo wengi hudhani imeshindikana. Ukitumia `/s` kwenye `bcdboot`, mafaili yananakiliwa lakini lile jina Windows Boot Manager haliandikwi kwenye kumbukumbu ya BIOS. Bodi inaachwa ijitafutie yenyewe faili la akiba, \EFI\Boot\bootx64.efi, humo kwenye patisheni mpya. Kwa hiyo usishangae ukikuta kwenye orodha ya Boot imeandikwa UEFI OS, au jina la M.2 tu. Ni yenyewe, ichague.

Ukishaingia Windows diski ya zamani ikiwa nje, fungua tena Command Prompt kama msimamizi uandike `bcdboot C:\Windows` bila kitu kingine mbele yake. Sasa EFI ipo moja tu, na jina linaandikwa sawasawa.

Kuhusu habari ya feki: kinachofaa kupimwa ni flashi zaidi kuliko M.2. Zipo zinazouzwa zimeandikwa 64GB na ndani ni 8. Faili likivuka ukubwa wa kweli linaharibika kimyakimya, na Windows inagoma katikati kwa kudai faili fulani halisomeki. H2testw ni programu ya bure ya kupima, inaijaza flashi yote kisha inaisoma upya. Ikikuletea makosa, itupe.

mzee_wa_saplai

Na betri ya bodi nayo iangaliwe. Bodi ikikaa dukani muda mrefu CR2032 huchoka. Ukizima umeme ukutani na asubuhi saa imerudi nyuma au mpangilio wa Boot umefutika, pima kwa mita: mpya ni volti 3 na kidogo, ikishuka chini ya 2.8 weka nyingine. Usitoe betri kwa kila tatizo, shehe. Ukiitoa unafuta na setingi ulizokwisha kuweka, ikiwemo fTPM na CSM. Ingia uzikague upya.

chumbageni_pc

Imekubali. `shrink` ilikataa mara ya kwanza, nikafanya ile ya `powercfg`, ikapita. Diski ya 1TB iko nje mezani, mashine inaingia Windows. Kweli ilitokea UEFI OS. Baada ya `bcdboot` ya pili ikawa Windows Boot Manager. CSM nayo ilikuwa imejiwasha baada ya kutoa betri, nimeizima. BitLocker ilikuwa Off tangu mwanzo.

La mwisho: nikirudisha 1TB haitarudi kuanzia huko?

pwani_bit

Inaweza, kwa sababu EFI yake bado ipo na ina mafaili yaleyale. Ichomeke, ingia BIOS, utaona Windows Boot Manager mbili, kila moja na jina la diski pembeni. Ya M.2 iweke ya kwanza. Kwa matumizi ya kila siku inatosha.

Ukitaka kuiondoa kabisa ile ya zamani, kwanza nakili picha na mafaili mahali pengine. Si kwamba amri ina hatari, ila kidole kikikosea namba ndiyo basi. Kisha `diskpart`, `list disk`, `select disk` na namba ya 1TB, `list partition`, `select partition` na namba ya ile yenye neno System na MB 100, halafu `delete partition override`. Hilo neno la mwisho ni la lazima. Bila hilo inakataa kwa kuwa patisheni imelindwa. Na amri ya `clean` usiiandike kabisa ukiwa umechagua diski hiyo, hiyo inafuta orodha nzima ya patisheni pamoja na picha zako.

ngamiani_tech

Ukirudisha waya wa SATA na diski isionekane, usidhani imekufa. Kwenye bodi kadhaa za B450 M.2 ikikaa huzima tundu moja au mawili ya SATA. Kitabu cha bodi kinasema ni yapi. Hamishia tundu jingine.