Wanafunzi wanakimbia hesabu za Advansi (Advanced Mathematics ya kidato cha tano na sita), shule ya Kiislamu kijijini. Tuanzie wapi?

Mwl_Taaluma
Asalaam alaykum wakuu. Shule ni ya bweni, ina PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu). Wakifika kidato cha tano, muda si mrefu wanaanza kuomba kuhamia HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), isiyo na hesabu hizo. Wanaobaki wananakili ubao kimya, hasa wasichana. Mwalimu wa hesabu ni mmoja, na ratiba ya dini inachukua alfajiri na baada ya Alasiri.

ChakiNyeupe
Waalaykum salaam. Msikimbilie silabasi. Mtu anaweza kupata C kidato cha nne kwa seti, takwimu na uhasibu, aljebra akairuka yote. Wiki tatu za mwanzo wapeni sehemu zenye herufi, vipeo, logi na kukamilisha mraba. Asiyeweza kugeuza x² + 10x + 34 kuwa (x + 5)² + 9 atakwama kwenye intigresheni ya 1/(x² + 10x + 34), halafu atasema intigresheni ndiyo ngumu. Akiweza, jibu ni mstari mmoja: ⅓ tan⁻¹((x + 5)/3) + c.

Uchoreni huo mraba. x² + 10x = 39 ni mfano wa Al-Khwarizmi mwenyewe, mwanahisabati Mwislamu wa kale aliyeandika kitabu cha aljebra: mraba wa x, mistatili miwili ya 5 kwa x ubavuni, kona tupu ya 25. Ongeza 25 pande zote, unapata 64, x ni 3. (Hasi 13 yeye hakuihesabu. Waulizeni kwa nini, mtaona mikono.)

Ustadh_EGM
Naunga mkono, ila mirathi ndiyo mlango mwepesi zaidi, maana wameshaisoma. Marehemu kaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume 1/2, dada 2/3. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni 6, jumla 7/6, imezidi. Inaingia aul, kanuni ya kupunguza mafungu yote kwa uwiano yanapozidi mali: asili inapanda hadi 7, mume 3, kila dada 2. Sasa waulize: kwa nini uwiano wa 3 kwa 4 haukubadilika? Hapo wanathibitisha, hawakariri.

Ukimya wao msiuite uvivu, wamelelewa kumsikiliza mwalimu kwa adabu. Wekeni mudhakara (vikundi vya kujadiliana masomo) ya wanne wanne: mmoja anaandika, watatu hawaruhusu mstari upite bila "kwa nini?". Wasichana wawe na ubao wao. Ubao ukiwa mmoja na uko upande wa wavulana, hawatausogelea.

Mwl_Taaluma
Shukran. Vikokotoo je? Tunavyo vichache.

ChakiNyeupe
Kimoja kwa kila mudhakara kinatosha kufundishia, ila kagueni kila kipindi kama kimewekwa kwenye nyuzi au radiani, vipimo viwili vya pembe. Kutafuta x kwenye cos x = x kwa Newton-Raphson (njia ya kukaribia jibu kwa kurudia hesabu), kikiwa kwenye nyuzi kinatulia 0.9998, jibu sahihi ni 0.7391. Mwanafunzi haoni kosa, kwa sababu namba zimetulia vizuri kabisa.

Ustadh_EGM
Na Ramadhani, Advansi iwe vipindi vya kwanza asubuhi. Mchana wapeni murajaa tu, maswali mawili ya mada za nyuma.