Naomba ushauri: saa chache Guangzhou kabla ya treni ya kwenda Xi'an

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Mwezi ujao naenda China kumwona binti yangu anayesoma Xi'an. Ndege inatua Guangzhou alfajiri, na treni ya vitanda, ile ya mwendo wa kawaida, inaondoka usiku.

Mchana wote sitaki kukaa stesheni nikikodolea macho mabegi. Natamani kuswali Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mita 36 hivi, kisha nile mtaani Xiaobei, walikojaa Waafrika wenzetu. Kisiwa cha Shamian nako nasikia ni pazuri, lakini miguu yangu si ya ujana tena. Mngekuwa nyie mngekiacha?

Kinachonitisha zaidi ni stesheni. Kuna Guangzhou yenyewe, Mashariki, Kusini na Baiyun. Nikimpa dereva jina nusu, treni imeniacha. Pasipoti ndiyo tiketi, hilo nimeelewa. Mabegi naweza kuyahifadhi hapohapo stesheni?

Malipo je? Alipay, ile programu ya Wachina ya kulipia kwa simu, inakubali kadi za benki zetu, au nibebe yuani taslimu?

Halafu korosho. Nina kilo tatu za kubanguliwa, zimekaangwa tayari. Forodha watanisumbua?