Nilicheka mahali pabaya kwenye maigizo ya Waarmenia?

MgeniWaYerevan
Wakuu, salaam. Mimi Mbongo, nasoma udaktari Yerevan, mwaka wa pili. Juzi mama mwenye nyumba wangu, miaka sabini na ushee, namwita bibi tu, alinipeleka kwenye ukumbi mdogo wa maigizo chini ya jengo la makazi. Viti kama hamsini, hakuna viwili vinavyofanana. Kiarmenia changu ni cha sokoni, kwa hiyo alikuwa ananinong'oneza.

Ni familia moja, kipupwe cha 1993. Wana jiko la bati, bomba limetokezwa dirishani. Kuni zimekwisha, wanabishana kitabu gani kitangulie motoni. Lenin alitangulia bila ubishi, ukumbi ukaangua kicheko. Walipofika kwenye diwani ya mashairi, baba akaikalia, hainuki ng'o. Mara taa ikawaka! Mama huyo kwenye pasi, nyanya kwenye unga, mtoto kwenye runinga, wanapigana vikumbo. Pasi haijapata moto, giza. Hapo nikacheka mpaka machozi, si ndio mgao wetu ule! Kumbe nacheka peke yangu. Bibi akanibana mkono: "Tsavt tanem."

Halafu kuna jirani mwenye tai ambaye dirisha lake halizimiki. Kila akipita, mtu anasema "kushoto", na watu wanavunjika mbavu. Mimi nimekodoa macho tu. Je, nilimkosea bibi? Na hicho kushoto ni nini?

DadaWaGyumri
Hujamkosea, mdogo wangu. Nimeishi Gyumri miaka minne. Tsavt tanem ni kama kukwambia "maumivu yako niyabebe mimi". Hata muuza jibini atakuambia, usiogope.

Ila jua ulichokichekea. Tetemeko la Desemba 1988 liliua watu kama 25,000, na mwaka uliofuata kinu cha nyuklia cha Metsamor kikafungwa kwa kuhofia jingine. Ikaja vita ya kugombea jimbo la Karabakh na jirani yao Azerbaijan. Azerbaijan ikafunga reli na gesi, Uturuki nayo ikafunga mpaka wake mwaka 1993. Umeme ukawa saa moja au mbili kwa siku, na hujui ni saa ipi, kwa hiyo unalala swichi ikiwa imewashwa. Mkate kwa kadi, gramu 250 kwa kichwa. Watu walikata miti ya barabarani, wakang'oa mpaka mbao za sakafu. Kinu kilirudi 1995. Ile nyanya kukimbilia unga saa nane za usiku, waliokaa jirani na wewe waliifanya kwa mikono yao.

Kibatari
Mgao wa Dar unakutoa jasho, mkuu. Wa kwao wazee walikufa kwa baridi. Usilinganishe.

MzeeWaJukwaa
Mwache alinganishe, Kibatari, jukwaa limewekwa kwa ajili hiyo.

Kijana, "umeme wa kushoto" ulikuwa waya wa wizi, unavutwa usiku kutoka laini ambayo haikatwi, mathalani ya hospitali. Kwetu ungesema umeme wa vishoka. Sasa mrudie yule mwenye tai, utacheka.

Hao jamaa kujisema wenyewe hawakuanza jana. Mwandishi wao Hakob Paronyan, aliyefia Istanbul mwaka 1891 akiwa fukara, aliandika habari za bwana mmoja mwenye fedha anayetoka Trabzon kwenda Istanbul kutafuta mke. Hajatua mizigo, mlango unagongwa: mhariri, padri, mshairi, daktari, wote wanataka hela, na karibu kila mmoja analitanguliza taifa. Mimi tamthilia ya mgao isiyokuwa na kishoka naiita hotuba. Mwandishi wenu kaijua kazi yake.

MgeniWaYerevan
Asanteni wakuu. Dada, nimetulia sasa. Jana wakati wa chai nikamuuliza bibi kuhusu kushoto. Akanyamaza, akaweka kikombe chini, akanionyesha tundu dogo juu ya fremu ya dirisha la jikoni, limezibwa kwa plasta. Waya wao ulipita hapo. Aliuvuta marehemu mumewe, mwalimu wa fizikia, saa tisa za usiku, na yeye ndiye aliyeshika ngazi. Anasema mume alitetemeka hivi kwamba shoti ingekuwa nafuu.

Sasa amejifunza neno "kishoka" na ananiita hivyo kila nikisahau kuzima taa ya msalani.