Naomba ushauri: filta ya hita na AC, mtoto ana pumu

Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio, nyumba ya kupanga, hita na AC vinatumia filta moja. Mwanangu ana pumu, na tangu baridi ianze anakohoa usiku kucha. Jana nikaichomoa ile filta, inchi 16 kwa 25, unene inchi 1: kijivu tupu, imegandamana manyoya ya paka, na sisi hatufugi paka! Nimeweka mpya ya MERV 8 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe), mshale wake wa hewa ukielekea kwenye mtambo. Dukani kuna MERV 13, inanasa chembe ndogo zaidi, ila naogopa itabana hewa na mtambo wenyewe ni wa zamani. Mliowahi kuitumia ya inchi 1, hewa ilipungua? Au nibaki na 8, niibadilishe kila mwezi? Naombeni msaada, mtoto halali.