Naomba ushauri: kushusha gia kwenye lori kunanishinda

Habari zenu wakuu. Najifunza lori la gia 10 za mkono ili nipate leseni ya magari makubwa. Gari dogo la gia za mkono nimeendesha miaka mingi, nikadhani huku kutakuwa mteremko. Wapi!

Kupandisha gia si tatizo: nakanyaga klachi, natoa gia hadi nyutro, naachia, nakanyaga tena, naingiza. Shida ni kushusha. Nikitoka ya 6 kwenda ya 5, nikiwa nyutro napiga resi kidogo kama nilivyofundishwa, lakini gia inasaga krrr na kugoma. Nikihangaika, mwendo unazidi kupungua na ya 5 hainifai tena. Juzi nilikwama hivyo mlimani, mwalimu kimya, jasho linanitoka.

Nimejaribu kutazama mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), ila macho yanatoka barabarani. Pia niligundua nakanyaga klachi hadi chini kabisa kwa mazoea ya gari dogo, nikaambiwa chini kule ni breki ya klachi (inayozuia shafti ya giaboksi isizunguke), niiguse nikiwa nimesimama tu. Nimerekebisha, bado inasaga.

Waliozoea, resi mnaipimaje, kwa sikio au kwa mshale? Na gia ikigoma mlimani, nifanye nini kwanza?