Msumeno wa duara: wa waya, wa betri, au nifunge diski ya meno kwenye grinda?

mgeni_wa_mbao: Wakuu, shikamooni. Nataka kununua msumeno wiki hii. Nimezunguka Kariakoo nimebaki njia panda: wa waya wa Makita, diski inchi 7 na robo, au wa betri wa Ingco. Halafu fundi mmoja ananiambia nisipoteze hela, grinda (ile mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma) ninayo, ninunue diski ya meno tu. Kipi bora?

BabuRanda: Marahaba. Unakata nini? Umeme wako ukoje? Bajeti? Umeuliza kama mtu anayeingia duka la dawa akasema "nipe ya tumbo".

Tofali6: Wa waya. Betri zikichoka unabaki na pambo.

mgeni_wa_mbao: Samahani. Vitanda na makabati ya jikoni, nipo Kibaha. Mbao za Mafinga (za misindano) inchi mbili kwa nne na plaiwudi ya milimita 18. Umeme upo ila haueleweki.

SeremalaKilombero: Betri basi. Nyingi zina diski ya milimita 165, inazama kama sentimita 5 na nusu, mbili kwa nne unapita vizuri. Ila diski ya meno 24 itakuchana uso wa plaiwudi, tafuta ya 40 au 60. Na uso mzuri ulaze chini, maana meno yanakata kutoka chini kwenda juu.

BabuRanda: Grinda usithubutu. Ile ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, msumeno kama 5,000. Haina bamba la kukalia ubao wala kava la kujifunga. Ikinasa inakurukia usoni.

MamaMbao: Hata msumeno wenyewe unaruka, jamani. Ubao wa mninga futi 8, nimeulaza juu ya stuli mbili, moja kila mwisho, nakata katikati. Kosa umeshaliona? Nilipokaribia kumaliza ukainama, mkato ukafumba mdomo, diski ikabanwa. Mlio ukashuka, harufu ya kuungua, halafu mashine ikanirudia kama mbuzi aliyekata kamba. Na kava la chini nilikuwa nimelifunga na waya libaki wazi, eti linanichelewesha! Ikapasua suruali, ikapita kwenye goti, ikakata waya wake yenyewe ndiyo ikazima. Alama za meno matatu ninazo. Siku hizi naweka vibao vinne chini, viwili kila upande wa mkato. Diski naishusha ipite ubao nusu sentimita tu, na nasimama pembeni, si nyuma ya mstari.

Tofali6: Glovu hukuvaa?

MamaMbao: Glovu zinasaidia nini gotini?

SeremalaKilombero: Na glovu pana kwenye diski inayozunguka ni hatari, diski inavuta kitambaa na kidole humo humo.

Tofali6: Miaka 12 navaa, vidole kumi vipo.

BabuRanda: Una bahati tu, kijana. Vaa miwani. Na barakoa, vumbi la mvule linawasha kifua.

Tofali6: Mvule siku hizi nani anaupata? Mninga wenyewe unauzwa kama dhahabu.

SeremalaKilombero: Hamia kwenye msaji (tiki), mbona mzuri.

Tofali6: Msaji mchanga? Mweupe wote ule?

mgeni_wa_mbao: Wakuu, kwa hiyo betri? Moja au mbili? Na kwa Kibaha nani ananoa diski?