Sweta la vifungo lenye misuko, mikono mifupi: mgongo umetoka mwembamba

Nuru_Njombe
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni. Nafuma sweta la vifungo, mikono inaishia juu ya kiwiko, la kuvalia gauni kanisani. Baridi ya Juni huku Njombe mnaijua. Sampuli ni ya Kimarekani: mbele msuko mmoja kila upande wa vifungo, mgongoni na mikononi pia imo, kwingine vile vifundo vidogo kama chenga za mchele. Imeandikwa sindano namba 8, nami nina namba 8. Mgongo ni mishono 90, ulitakiwa uwe sentimita 50. Nimepima, haufiki 41! Na sikazi uzi, jamani. Ni misuko inavuta?

NyuziLimuru
Misuko huvuta, lakini si sentimita tisa. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Sindano zetu nyingi zinafuata hesabu ya zamani ya Uingereza, ambako namba 8 ni milimita 4. Kwao namba ikipanda sindano inanenepa, kwetu inakonda. Tafuta namba 6 yetu, ndiyo milimita 5, fumua, anza upya.

Bibi Sindano
Marahaba Nuru. Hapo kwenye namba umeambiwa kweli, ila usikimbilie dukani. Uzi wako ni upi? Kama ni akriliki ya kawaida ya masweta ya watoto, mishono 22 kwa sentimita 10 ndiyo kipimo chake. Ukiupeleka kwenye milimita 5 gauni litaonekana kwa ndani, na msuko utalala chali. Msuko hausimami bila kitambaa kilichoshikana.

Baki na sindano yako, ongeza mishono. Sentimita 50 kwa 22 ni mishono 110. Hiyo 20 iliyozidi igawe kumi kumi pembeni, kwenye chenga; misuko usiiguse. Urefu fuata sentimita, idadi ya mistari kwenye sampuli isikusumbue tena.

Nuru_Njombe
Ni hiyo hiyo akriliki, bibi. Asante sana! Swali jingine: misuko yangu ya mbele yote imelalia kushoto.

Bibi Sindano
Kwa sababu kote umeiweka sindano ya kusaidia, ile inayoshika mishono inayongoja, mbele. Msuko wa mishono sita: mitatu ikingojea mbele ya kazi, unalalia kushoto, ikingojea nyuma, unalalia kulia. Upande mmoja fanya hivi, wa pili vile, itazamane kwenye vifungo. Na vuka upande wa nje tu, kila mstari wa nane. Wanaovuka kila wa nne wanapata kitu kigumu cha kufungia mbuzi.

Mikono usiitie msuko hata kama sampuli inao. Utabana pale pale mkono unapojaa, na mkono mfupi hauna pa kujificha. Chenga tupu, mishono witiri, kila mstari uanze na mshono wa kawaida. Kisha lastiki fupi kwa namba 10.

NyuziLimuru
Hapo kwenye mikono umenishinda, bibi. Na ukanda wa vifungo?

Bibi Sindano
Okota mishono mitatu kwa kila mistari minne. Ukiokota yote, ukanda utajikunja mawimbi. Na pasi isiguse akriliki, Nuru. Lowesha, tandaza kwenye taulo, bana kwa pini, liache likauke.

Nuru_Njombe
Nafumua usiku huu huu.